Pasi mbili za umeme kuvuka Australia

Chukua pasi ya umeme ya kawaida. Ikiwa imewaka vizuri inakula wati 1,000 hivi. Sasa fikiria umepewa nguvu ya pasi mbili tu, tena hiyo ni saa sita mchana jua likiwa utosini bila wingu, halafu unaambiwa uendeshe gari kilomita 3,000 hivi kutoka Darwin, kaskazini mwa Australia, mpaka Adelaide kusini. Swali hilo limeshughulisha wanafunzi wa uhandisi tangu 1987. Ukifuatilia historia yake unakuta jambo ambalo sisi tulio vyuoni tunalijadili kila siku: mwanafunzi akipewa tatizo la kweli na mtu wa kiwandani wa kumwongoza, nini hasa kinatoka?

Mwanzo haukuwa wa wanafunzi. Hans Tholstrup, mpenda safari ngumu mwenye asili ya Denmark, alivuka Australia kutoka Perth hadi Sydney mwishoni mwa 1982 na mwanzoni mwa 1983 kwa gari la jua, akiwa na dereva wa mashindano Larry Perkins. Siku 20, zaidi ya kilomita 4,000. Mwendo wa baiskeli, kusema kweli. Lakini wazo lilishika, na 1987 akaanzisha mashindano.

Kampuni ya General Motors ikaingia, na kazi kubwa ya usanifu ikaipa AeroVironment ya Paul MacCready. Huyu bwana ndiye aliyeunda ndege ya kukanyaga pedali iliyovuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa 1979, na 1981 ndege yake nyingine ikavuka hapohapo kwa umeme wa jua. Mtu aliyezoea kurusha ndege kwa nguvu za miguu hashtuki ukimwambia ana wati chache. Gari lao, Sunraycer, lilishinda kwa wastani wa kilomita 66.9 kwa saa, likafika siku mbili kabla ya wa pili.

Siri haikuwa paneli peke yake. Nguvu inayohitajika kupambana na upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Kwa hiyo umbo la gari ni muhimu kuliko ukubwa wa mota. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei. Ukienda nusu saa kwa 60 na nusu saa kwa 100, unafika kilomita 80 sawa na aliyekwenda 80 saa nzima, ila kwa upande wa upepo umetumia nishati karibu asilimia 19 zaidi yake. (Piga hesabu mwenyewe, ni mchemraba tu.) Mshindi ni yule anayeijua hali ya hewa ya kesho na hakanyagi mafuta hovyo. Mafuta yenyewe hayapo, lakini umenielewa.

Baada ya ushindi huo General Motors ilifanya mambo mawili. Ikaanza gari la umeme la barabarani, lililoonyeshwa Januari 1990 kwa jina la Impact, baadaye EV1. Mwaka huohuo ikadhamini mashindano ya vyuo vikuu nchini Marekani, timu 32, na Chuo Kikuu cha Michigan kikaibuka mshindi. Mwisho wake unajulikana: EV1 ilikuja kukusanywa na kampuni na mengi yakasagwa, ilhali mashindano ya wanafunzi yakaendelea. Kwa maoni yangu, lile la pili ndilo lililolipa. Huko Australia nako, 1990, shule ya uhandisi ya Biel kutoka Uswisi ilishika nafasi ya kwanza mbele ya makampuni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2001. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walikuwa hawajawahi kushiriki. Mlezi wao alikuwa Wubbo Ockels, Mholanzi aliyeruka na chombo cha Challenger 1985. Kupitia kwake na Shirika la Anga la Ulaya walipata seli za jua za satelaiti, zile za galiamu asenaidi, zenye uwezo wa kugeuza karibu robo ya mwanga kuwa umeme. Hata vipande vya paneli iliyowahi kuwa kwenye darubini ya Hubble vilibandikwa kwenye gari. Nuna ikashinda kwa wastani wa kilomita 91.8 kwa saa.

Mtu anaweza kusema hapo wanafunzi hawakutatua kitu, walipewa tu vifaa ghali. Kuna ukweli. Ndiyo maana kanuni zilibanwa baadaye: eneo la paneli likashuka hadi mita 6 za mraba 2007, kisha 4 mwaka 2017. Delft wakaendelea kushinda. Kumbe hazikuwa seli tu.

Lakini ukitafuta gari la jua lililotoka kwenye mbio na kuingia mtaani, utahangaika. Vijana wa Eindhoven walijaribu, wakaunda Lightyear 2016. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2022, na mapema 2023 kampuni tanzu iliyotengeneza magari ikafilisika. Waliopenya ni watu. JB Straubel, aliyesoma Stanford na kuzoeana na vijana wa gari la jua wa chuo hicho, aliingia Tesla ikiwa changa, na baadhi ya vijana wale wakamfuata.

Na hapa kwetu? Mwaka 2008 timu ya Makerere ilishiriki katika Vision 200, gari lililobuniwa na wanafunzi wa vyuo vingi duniani na kuonyeshwa Torino, Italia. Waliporudi Kampala hawakuwa na General Motors jirani. Walijenga Kiira EV, likaendeshwa hadharani Novemba 2011, na nafasi ambayo kwingine ilikuwa ya kiwanda ikachukuliwa na serikali, ambayo ndiyo mwanahisa mkuu wa Kiira Motors. Hiyo ni tofauti kubwa. Mhandisi wa kiwandani anakuuliza kitauzwa bei gani. Serikali inaweza kusubiri miaka, ila inaweza pia kusahau kuuliza.

Februari 2016 likatoka basi la Kayoola, abiria 35, kilomita 80, betri mbili, moja ikipokea chaji kutoka paneli za paani. Tuseme paa lina mita 20 za mraba za paneli zinazokamata asilimia 20 ya mwanga. Saa moja ya jua kali inakupa kilowati-saa 4, na basi la mjini linakula kama kilowati-saa 1 kwa kilomita. Kwa hiyo jua la saa nzima linalisogeza basi kilomita 4. Zilizobaki zinatoka kwenye soketi ya ukutani. Mabasi ya Kayoola yaliyofuata yanategemea chaja.