Ukoo Unaokatika Mwaka 1870

Wakwe zangu ni Wamarekani weusi wa Georgia, na nasaba yao inafuatika bila shida mpaka mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote walioachwa huru utumwa ulipofutwa mwaka 1865. Ile ya 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760, ila karani aliandika jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi: mwanamke, 30, mweusi, mvulana, 4, mweusi. Nani mama wa nani, hakuulizwa mtu. Walihesabiwa kwa sababu kila watumwa watano walichukuliwa kama watu watatu katika kugawa viti vya Bunge.

Mama mkwe alipotaka kuwajua bibi zake, tulianzia karibu tukarudi nyuma. Sensa ya 1900 iliwauliza akina mama wamezaa wangapi na wangapi wako hai. Nyanya wa mama mkwe ameandikiwa 11, kisha 6. Wale watano waliofariki hakuna aliyewahi kuwasikia nyumbani. Safu hiyo ndiyo iliyowataja. Ya 1890 iliharibika karibu yote kwa moto wa Washington wa 1921. Ya 1880 inaonyesha undugu, lakini undugu na mkuu wa kaya tu. Mke ana miaka 24, binti wa mume ana 13: huyo alizaliwa na mwingine.

Mwaka 1870 safu ya undugu haipo, kwa hiyo tunasoma majirani. Wengi walibaki karibu na mashamba walikotumikishwa. Tukimwona mwenye shamba mzungu jirani, tunafungua orodha yake ya 1860 na kumtafuta humo mwanamke aliyeandikwa miaka 40 mwaka 1870, akiwa na 30. Tulipata wawili wa umri huo. Nilitaka kuchagua mmoja, mama mkwe akakataa: "Mwanangu, tusimpe mtu mama asiye wake."

Ana haki. Umri kulingana ni fununu, si ushahidi. Sasa tunapekua wosia na orodha za mirathi za mabwana, maana humo watumwa walitajwa kwa majina ili warithi wagawane. Karatasi zilizowatenganisha mama na watoto ndizo zinazoweza kutuonyesha nani alikuwa wa nani.