Kuinua pikapu upande wa mbele: namna ya kuchagua resori kwa njia mbovu

Mvua za Septemba zikianza kunyesha katika Kivu, maneno ya madereva kwenye garaji yanabadilika. Wengi wanaleta lalamiko moja: gari inagusa chini. Inagusa katikati ya mifereji iliyochimbwa na makamyoni, inagusa kwenye mawe ya volkano ya Goma, inagusa kila fasi daraja la miti limeshuka. Na jibu linalokuja haraka ni: "Pandisha mbele."

Kazi yenyewe inaweza kuisha kwa nusu siku. Lakini pikapu ya huku si gari ya matembezi. Inabeba mihogo, makala na simenti, na mara nyingi juu ya mizigo kunaketi watu. Mbele ikiinuliwa vibaya, kitu kitakachokatika kinaweza kuwa kardani ao mpira wa freni, tena kwenye mteremko kama ule wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, ambako upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde. Njo maana inafaa kuelewa mambo machache mbele ya kutoa feza.

Kwanza kujua gari iko ya aina gani

Pikapu zinazotembea huku ziko na mbele za aina nne.

Aina ya kwanza ni ponti nzima yenye resori za vyuma bapa, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ni mtindo wa Land Cruiser 75 na wa Hilux nyingi za zamani. Aina ya pili ni ponti nzima yenye resori za kuviringika. Land Cruiser 79, iliyotoka mwaka 1999, iko hivyo mbele.

Aina ya tatu haina ponti nzima: kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, na kazi ya resori inafanywa na fimbo ndefu ya chuma inayojipinda, ile mafundi wanaita fimbo ya torsioni. Inapatikana kwenye Hilux 4x4 nyingi za mbele ya 2005, kwenye Mitsubishi L200 za zamani na kwenye Nissan Hardbody. Aina ya nne, magurudumu yanajitegemea vilevile, lakini amortisere imepita ndani ya resori ya kuviringika. Ndiyo mbele ya Hilux Vigo na ya Revo iliyoifuata mwaka 2015.

Kujua aina si kazi ngumu. Mtu anainama mbele ya gari na kuangalia. Akiona chuma kinene kinachotoka gurudumu moja mpaka lingine, na diferansieli imevimba ndani yake, hiyo ni ponti nzima. Akiona diferansieli imefungwa kwenye shasi, na kardani fupi mbili zinatoka kushoto na kuume, magurudumu yanajitegemea.

Kinachopanda na kisichopanda

Hapa njo wengi wanapoteza feza. Kwenye gari ya ponti nzima, resori ndefu zinainua shasi, injini na bodi, lakini diferansieli inabaki palepale. Ikiwa shida ni diferansieli kukwaruza udongo katikati ya mifereji, resori mpya hazitasaidia. Kinachoinua ponti ni pine kubwa tu, tena kwa nusu ya tofauti ya urefu. Kwa mfano, pine ya 265/65R17 iko na urefu wa sentimeta 77,6 hivi; ile ya 265/70R17 inafika sentimeta 80,3 hivi. Mtu anaona tofauti ya sentimeta 2,7 hivi, lakini gari itapanda sentimeta 1,3 tu, kwa sababu nusu ingine inaenda juu ya ekseli.

Kwenye gari ya magurudumu yanayojitegemea, diferansieli ya mbele inapanda pamoja na shasi. Hiyo ni faida. Lakini ponti ya nyuma haipandi, na kardani za mbele zinaanza kuinama zaidi kuelekea chini. Kila sentimeta ya juu inalipwa na kardani.

Basi swali la kwanza si "nipandishe kiasi gani?" Ni "kitu gani kinagusa?" Kama ni ponti ya nyuma, kuinua mbele ni kazi bure. Kama gari inateleza bila kugusa, pine za matope zinafaa kuliko resori. Na kama mifereji imechimbwa na makamyoni makubwa, hakuna pikapu itakayopanda mpaka kuifikia. Huko mpao, mbao na subira vinapitisha gari vizuri zaidi.

Labda gari haiko chini, resori njo zimechoka

Gari nyingi zinanunuliwa za okazyo, zikiwa zimekwisha kufanya kazi miaka kumi ao zaidi fasi ingine. Resori zake zimelala. Mwenye gari anafikiri anahitaji kuinua, kumbe anahitaji kurudisha urefu wa kwanza.

Kipimo ni rahisi. Gari inasimamishwa kwenye sementi iliyonyooka, bila mizigo. Kiisha mtu anapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Asipime kutoka chini, kwa sababu pine yenye upepo kidogo itamdanganya. Anapima pande zote nne na kuandika. Ikiwa kushoto na kuume zinapitana sentimeta mbili, kuna resori iliyolala ao iliyovunjika, na hiyo inatengenezwa kwanza. Inafaa vilevile kulinganisha na gari ingine ya modeli ileile ambayo resori zake bado nzuri.

Njia za kuinua, moja kwa moja

Kukaza fimbo ya torsioni. Ni njia ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu hakuna cha kununua. Gurudumu linainuliwa na kriki mpaka lining'inie, kiisha fundi anazungusha buloni ya kurekebisha, akihesabu mizunguko ili pande mbili zilingane. Gari inapanda. Lakini mwendo wa gurudumu hauongezeki, unagawanywa tofauti tu. Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimeta 10 za kupanda na 10 za kushuka. Gari ikiinuliwa sentimeta 4, litabaki na 14 za kupanda na 6 za kushuka. Likiingia kwenye shimo, mkono wa juu unagonga kizuizi chake na dereva anasikia "tak!" kwenye volani. Sentimeta 2 ao 3 zinavumilika. Zaidi ya hapo, gari inakuwa ya kugonga-gonga.

Kipande cha chuma juu ya amortisere. Kinatumiwa kwenye Vigo na ndugu zake. Amortisere haikufungwa mwisho wa mkono wa chini, imefungwa karibu na katikati. Kwa hiyo kipande cha unene wa sentimeta 2,5 kinaweza kuinua gari sentimeta 5 hivi. Wengi hawajui hesabu hiyo, wanaweka kipande cha sentimeta 5 wakifikiri watapata 5, na gari inapanda karibu mara mbili. Hapo rotuli ya juu inafika mwisho wa mwendo wake, na mkono wa juu unaweza kugusa resori. Kipande chembamba kinafaa kwa gari ya mjini. Kwa gari ya kazi, ni dawa ya muda.

Resori mpya pamoja na amortisere zake. Hii inagharimu zaidi, lakini njo inayodumu kwenye njia mbovu. Resori na amortisere ndefu zimetengenezwa pamoja, basi gurudumu linabaki na mwendo wa kushuka. Viwanda vya Australia kama Old Man Emu na Ironman vinauza resori kwa ngazi za uzito: mbele ya kawaida, mbele yenye bampa ya chuma, mbele yenye bampa na winchi. Resori ya winchi kwenye gari isiyo na winchi itakuwa ngumu kama jiwe na itainua mbele kupita kiasi kilichoandikwa. Tena, kwenye modeli zingine resori ya kushoto na ya kuume hazilingani, zisibadilishwe fasi.

Kwenye Land Cruiser 79, resori ndefu zinaleta mambo mengine mawili. Mikono inayoshika ponti inainama, na pembe inayosaidia volani kurudi yenyewe inapungua. Gari inaanza kutangatanga barabarani. Inatakiwa kuweka mipira maalumu ya kurekebisha pembe hiyo. Vilevile, chuma cha mshazari kinachozuia ponti isiende kando kinaivuta upande mmoja kidogo; chuma cha kurekebishika kinairudisha katikati.

Kwenye resori za vyuma bapa, njia nzuri ni kununua resori zenye mpindo mkubwa zaidi. Kurefusha vikonyo vinavyoshika mwisho wa resori kunainua kwa nusu tu ya urefu ulioongezwa, na kunabadilisha pembe ya ponti. Kuongeza chuma kimoja kunainua, lakini mbele inakuwa ngumu. Kazi ya kukataa kabisa ni kuchomelea: chuma cha resori kikiguswa na moto wa kuchomelea kinapoteza nguvu yake na kinavunjika baadaye, bila kuonya.

Mizigo njo hakimu

Pikapu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimeinama kidogo mbele. Si kosa. Nyuma imeachwa juu ili gari ilale sawa ikipakiwa. Mtu anayeinua mbele mpaka gari ilale sawa ikiwa tupu, akiipakia tani moja nyuma, pua itatazama mbinguni. Taa zitawapofusha wanaokuja, volani itakuwa nyepesi, na magurudumu ya mbele, yale yanayofanya kazi kubwa ya freni, yatashika udongo vibaya. Wakati wa kuteremka mlima na mzigo, hilo ni jambo la uhai.

Basi kipimo cha mwisho kifanywe gari ikiwa na mzigo inaobeba kila siku. Ikiwa nyuma inalala sana, nyuma itengenezwe pamoja na mbele. Na hapo kuna jambo moja la kukumbuka: pikapu nyingi ziko na valvu ya freni iliyounganishwa na ponti ya nyuma, inayopima namna gari imelala. Nyuma ikiinuliwa bila kurekebisha valvu hiyo, inafikiri gari iko tupu na inapunguza freni za nyuma.

Tena, kila sentimeta ya juu inapandisha uzito wa gari. Watu wanaoketi juu ya magunia wanaupandisha zaidi. Gari iliyoinuliwa inapinduka haraka kuliko ile ya zamani kwenye kona ileile na mwendo uleule.

Kiasi gani kinatosha?

Kwa gari ya magurudumu yanayojitegemea, sentimeta 4 mpaka 5 ni mwisho wa busara ikiwa mikono ya juu haikubadilishwa. Kwa Land Cruiser ya ponti nzima, wengi wanaishia sentimeta 5. Anayetaka zaidi anaingia katika kazi ya kushusha diferansieli na kubadilisha mikono, na kila kipande alichoongeza ni kipande kingine cha kutafuta siku gari itakapolala porini.

Ukaguzi mbele ya kutoka garajini

Kazi ikiisha, gari iinuliwe kwenye shasi mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie. Volani izungushwe mpaka mwisho wa kushoto, kiisha mwisho wa kuume, na mwenye gari mwenyewe aangalie:

– Mipira ya freni: isivutike hata kidogo. Ikinyooka kama kamba, inatakiwa mirefu zaidi.
– Waya wa ABS, kama gari iko nao: vilevile.
– Mipira inayofunika kardani: mikunjo yake isisuguane. Ikipasuka, grisi inatoka, matope yanaingia, na kardani haitakawia kufa.
– Mkono wa juu: usiguse resori.
– Pine: zisiguse bodi wala shasi.

Kiisha gari itembezwe kidogo ili resori zikae, ipimwe tena, na ipelekwe kufanya paralelisimu. Hii si anasa. Bila kurekebisha, pine zinaliwa upande mmoja, na pine mbili mpya zinaweza kupita bei ya kazi yenyewe. Taa zirekebishwe siku hiyohiyo. Kiisha kilometa mia tano hivi, buloni zote zikazwe tena.

Maswali ya kumuuliza fundi

Utainua sentimeta ngapi, na umepima wapi? Resori hizi ni za uzito gani? Amortisere ni ndefu ao ni zile za zamani? Mipira ya freni itafika? Ni nani atafanya paralelisimu, na bei iko ndani ao nje? Fundi anayejua kazi hatakasirika kuulizwa. Yule anayejibu "usijali, gari itapanda tu", mwenye gari arudishe funguo mfukoni na kwenda garaji ingine.