Wachoraji wa Hyperion

Msomaji, historia haikai katika majumba ya wafalme tu, wala katika medani za vita tu. Hukaa pia katika vyumba vya kazi, ambamo watu huingia asubuhi na kutoka jioni, siku baada ya siku. Atakaye kuzijua tabia za watu wa zama fulani, na atazame jinsi walivyofanya kazi pamoja: nani aliamuru, nani alitii, nani alilipwa nini, na jina la nani liliandikwa kazi ilipokwisha. Katika insha hii tutaitazama karakana moja ya wachoraji huko Marekani. Ilianzishwa na ndugu wawili wasio na mali, ikasitawi kwa juhudi na urafiki, kisha mwaka 1941 ikapasuka vipande viwili kwa mgomo. Jina la karakana hiyo bila shaka umekwisha kulisikia, kwa maana ni ya Walt Disney.

Kwanza yafaa ujue kazi yenyewe ilikuwa kazi gani. Katuni ya sinema ya siku zile ilikuwa ni michoro ya mkono iliyopigwa picha mmoja mmoja, kisha ikaonyeshwa upesi hata jicho likadanganyika na kuiona inatembea. Kila sekunde zilipita picha 24. Basi filamu ya dakika 7 ilitaka picha zipatazo 10,000. Hata pale mchoro mmoja ulipopigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado ilibaki michoro kwa maelfu. Mchoraji mkuu alichora hatua zilizo muhimu. Msaidizi wake akachora hatua za katikati. Wengine wakainakili michoro hiyo kwa wino juu ya karatasi ngumu zipenyezazo mwanga. Wengine wakatia rangi. Mwisho mpiga picha akazipiga zote, moja baada ya moja. Mkono mmoja haulei mwana, wala mkono mmoja haukuweza kuitengeneza filamu ya namna hiyo. Likumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo shina la yote yatakayofuata.

Walt Disney alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwezi wa Oktoba 1923, yeye na kaka yake Roy walianza biashara yao huko Hollywood. Walt alishughulika na picha, Roy akashughulika na fedha. Mwaka 1926 walihamia katika jengo dogo kwenye barabara iitwayo Hyperion, mjini Los Angeles. Wafanyakazi walikuwa wachache, wakijuana kwa majina na kwa desturi zao. Ilikuwa kama karakana ya seremala mwenye wanagenzi wake: fundi mkuu yu pale pale, huona kila ubao unavyokatwa, na mwanagenzi akifanya vyema husifiwa papo hapo.

Lakini usidhani kwamba udogo peke yake huleta mapenzi. Mapema mwaka 1928 Walt alisafiri hadi New York kumwomba msambazaji wa filamu zake, Charles Mintz, amwongezee malipo ya katuni za sungura aitwaye Oswald. Badala ya nyongeza alipewa habari mbili za kuvunja moyo. Ya kwanza, haki za yule sungura hazikuwa zake. Ya pili, wengi wa wachoraji wake walikuwa wamekwisha kukubali kwa siri kumwacha na kumfanyia Mintz kazi. Kati ya wachoraji wakuu, aliyekataa kabisa kuondoka ni Ub Iwerks, rafiki wa Walt tangu ujana wao huko Kansas City. Huyu Iwerks ndiye aliyeketi peke yake, huku wenzake wakimaliza kazi za mwisho za Oswald bila kujua lolote, akachora katuni ya kwanza ya panya mpya. Yasimuliwa kwamba alifikia michoro 700 kwa siku. Panya yule ni Mickey Mouse, na filamu yake yenye sauti, Steamboat Willie, ilionyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Watu walishangaa, na jina la Disney likaenea duniani. Lakini mwaka 1930 Iwerks naye aliondoka kwenda kuanzisha karakana yake mwenyewe, na hakurudi hata mwaka 1940.

Miaka iliyofuata ndiyo ambayo wazee wa karakana ile waliikumbuka kwa furaha hata uzeeni. Hapakuwa na Bwana Disney pale Hyperion. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita mwenye kazi kwa jina lake la kwanza, Walt. Hadithi zilibuniwa kwa pamoja. Vipande vya karatasi vilivyochorwa vilibandikwa ubaoni kwa taratibu ya hadithi, watu wakasimama mbele yake wakabishana, wakibandua hiki na kubandika kile. Michoro ya kwanza ilitazamwa katika chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha. Wachoraji wenyewe walikiita kisanduku cha jasho, na jasho lile halikutoka kwa joto pekee, bali pia kwa hofu ya maneno ya Walt. Hakuwa mtu mwepesi wa kusifu. Mchoraji aliyesikia kwamba kazi yake itafaa alijiona amepewa nishani.

Walt alifahamu pia kwamba fundi asiyejifunza huzeeka kabla ya wakati wake. Hapo mwanzo aliwachukua vijana wake jioni kwa motokaa yake mwenyewe na kuwapeleka katika shule ya sanaa. Halafu, mwezi wa Novemba 1932, alimwita mwalimu Don Graham afundishe palepale kazini. Watu wazima waliokwisha kujipatia riziki kwa kalamu waliketi tena kama wanafunzi, wakachora miili ya watu na wanyama, wakapima jinsi nguo inavyopepea na jinsi uzito unavyoanguka. Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi, na mamilioni ya watu hawakuwa na kazi. Kijana aliyepata kiti pale Hyperion alijihesabu mwenye bahati.

Hata hivyo, si viti vyote vilikuwa sawa. Kazi ya wino na rangi ilifanywa karibu yote na wanawake vijana. Ilitaka jicho kali na mkono usiotetemeka, maana doa moja liliharibu kazi ya saa nzima. Lakini haikuwa desturi kumpandisha mwanamke kutoka chumba kile hadi meza ya mchoraji. Mwanamke wa kwanza wa karakana ile kutajwa kwenye filamu kuwa mchoraji wa mwendo alikuwa Retta Scott, katika Bambi ya mwaka 1942.

Sasa tufike kwenye kilele. Walt alikusudia kutengeneza katuni ndefu, ya zaidi ya saa moja, jambo ambalo Marekani haikuwa imeliona. Wengi walimcheka na kusema kwamba atafilisika. Gharama ilipanda ikafikia karibu dola milioni moja na nusu, na Roy akahangaika kutafuta mikopo ya benki. Ndani ya karakana, lakini, kulikuwa na bidii ya ajabu. Walt aliahidi dola 5 kwa kila kichekesho kitakachotumika. Ndivyo kilivyopatikana kile cha pua za mbilikimo kuchomoza, moja baada ya moja, juu ya ubao wa kitanda. Miezi ya mwisho watu walifanya kazi usiku na siku za mapumziko, na wengi hawakulipwa chochote zaidi kwa saa hizo. Waliona ni kazi yao wenyewe. Snow White and the Seven Dwarfs ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937, na watazamaji walisimama kuishangilia. Fedha zilimiminika.

Je, msomaji, fedha zile zilikwenda wapi? Nyingi zilitumika kujenga studio mpya kubwa huko Burbank, ambako karakana ilihamia mwaka 1939 na 1940. Yalikuwa majengo mazuri mno: yalipozwa hewa, yalikuwa na bustani, na kila chumba cha mchoraji kiliwekwa mahali penye mwanga mwema. Lakini wafanyakazi sasa walizidi 1,000. Kila idara ilikuwa na mahali pake, na ngazi za vyeo zilionekana hata kwa macho: huyu ana zulia na yule hana, klabu ya ghorofa ya juu ina mazoezi na chakula kizuri, lakini mlango wake ni kwa wakubwa tu. Mtu aliyezoea kukutana na Walt mlangoni aliweza sasa kumaliza mwezi asimwone. Wakati huohuo vita vya Ulaya vilifunga masoko ya ng'ambo. Pinocchio na Fantasia, zote za mwaka 1940, hazikurudisha gharama. Ikabidi hisa ziuzwe kwa watu wa nje, na minong'ono ya kupunguza wafanyakazi ikaanza.

Hapo ndipo watu walipoanza kuhesabu. Mchoraji mkuu aliweza kupata dola 200, hata 300, kwa juma; mwanafunzi wa kazi au msichana wa wino aliweza kupata chini ya 20. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa ya kueleza tofauti hizo. Zawadi za fedha zilitolewa kwa kadiri Walt na wakubwa wake walivyoona. Juu ya hayo lilikuwapo jambo la jina. Chanda chema huvikwa pete, wasema wahenga. Lakini katuni fupi za miaka ile, zilizotengenezwa na mikono ya watu wengi, zilipoonyeshwa zilikuwa na jina moja tu: Walt Disney.

Mwezi wa Februari 1941 Walt aliwakusanya wafanyakazi wake, akawasimulia kwa kirefu taabu alizozipata tangu mwanzo. Alidhani watamwonea huruma. Wengi walitoka wakiwa wamekasirika zaidi, kwa sababu walikuwa wamekwenda kusikia habari za mshahara wao, wakasikia habari za maisha yake. Chama cha wachoraji wa katuni kilizidi kupata wanachama. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Art Babbitt, aliyemchora malkia mwovu wa Snow White. Babbitt hakuwa maskini. Alikuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri kabisa, lakini alijiunga na wadogo. Mwishoni mwa Mei alifukuzwa kazi. Tarehe 29 Mei 1941 mamia ya wafanyakazi walisimama nje ya lango, wakiinua mabango waliyoyachora kwa ustadi uleule waliofundishwa ndani. Wenzao, nao kwa mamia, walipita katikati yao kuingia kazini. Marafiki waliokaa meza moja kwa miaka walitukanana.

Walt alitangaza kwamba mgomo ule umechochewa na Wakomunisti. Mwezi wa Agosti aliondoka kwenda Amerika ya Kusini, na wapatanishi wa serikali wakaamua shauri. Uamuzi uliwaelekea wagomaji. Chama kilitambuliwa, viwango vya mishahara vikawekwa, utaratibu wa kusikiliza malalamiko ukapangwa, na majina ya wachoraji yakapata nafasi yake kwenye filamu. Lakini jeraha halikupona. Wengi waliondoka, baadhi yao walishiriki kuanzisha studio ya UPA, iliyokuja kuleta mtindo mpya wa katuni. Babbitt alirudishwa kwa nguvu ya sheria, akakaa bila furaha, kisha akaondoka. Na mwezi wa Oktoba 1947 Walt alisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani akawataja wapinzani wake wa zamani kuwa Wakomunisti.

Basi tuhukumu vipi? Ni rahisi kusema kwamba tajiri alikuwa dhalimu na wagomaji walikuwa mashujaa, au kwamba alikuwa baba mwema aliyezaa watoto wasio na shukrani. Historia haitupi ruhusa ya kusema hivyo. Mtu huyuhuyu aliyewapeleka vijana shule kwa motokaa yake ndiye aliyemfukuza Babbitt. Watu walewale waliochora usiku kucha bila ujira ndio waliosimama langoni na mabango. Hawakuwa wamegeuka tabia. Kazi ndiyo iliyogeuka ukubwa. Katika karakana ndogo, neno la fundi mkuu laweza kuwa ndiyo sheria, kwa sababu yupo, anaona, na anaweza kuulizwa. Watu wakizidi 1,000, neno lisiloandikwa huwa fumbo, na kila mmoja hulifumbua kwa namna yake. Walt alitaka kubaki baba wa nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kuwa mji. Mji hauendeshwi kwa mapenzi ya baba peke yake. Wahitaji sheria ambayo mdogo aweza kuisoma na kuidai.

Wewe, msomaji, huenda siku moja ukaajiriwa, au ukaajiri wengine: katika duka la uchapaji, katika kikundi cha michezo ya kuigiza, au katika studio ya picha. Utasikia ikisemwa kwamba hapa sisi ni jamaa moja. Ni neno zuri, na huenda likawa la kweli. Usilikatae, lakini liulize maswali ambayo wachoraji wa Hyperion walichelewa kuyauliza: ujira hupimwa kwa kipimo gani, mwenye malalamiko humwendea nani, na kazi ikiisha, jina la nani litaandikwa? Mahali ambapo maswali hayo yana majibu ya wazi, undugu wa watu wafanyao kazi pamoja hudumu. Mahali yasipojibiwa, hata bustani nzuri na vyumba vyenye mwanga havitawazuia watu kusimama langoni.