Simu ya Babu: Hatua Ambayo Kamembe Iliiruka

Mwaka jana mjomba wangu anayeishi Brussels alituletea vifaa viwili nyumbani Kamembe, akasema tumchagulie bibi kimoja. Cha kwanza kilikuwa simu ya intaneti, yenye kioo na vitufe vingi. Cha pili kilikuwa adapta, kijisanduku kinachochomekwa upande mmoja kwenye ruta na upande wa pili kwenye simu ya mezani ya kawaida. Nilidhani hilo ni swali la mafundi. Nilipolichunguza nikakuta ni swali la historia, na kwamba wilaya yetu ya Rusizi haikuwahi kuulizwa.

Adapta ilitengenezewa nyumba zilizokuwa na simu tayari. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilitoa programu ya kupiga simu kwa intaneti, lakini ilihitaji kompyuta pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Vonage ya Marekani iliwapelekea wateja adapta ili waache kampuni ya zamani bila kuiacha simu yao. Kuchagua kulikuwa na maana moja: uitupe simu uliyonayo au uibakize?

Kwetu, nani alikuwa na ya kutupa? Rwandatel iliundwa mwaka 1993, na MTN ilipoanza mwaka 1998, waya wa simu ulikuwa bado ni jambo la ofisi na nyumba za wakubwa. Familia nyingi za Cyangugu zilitoka kwenye barua hadi simu ya mkononi moja kwa moja. Majirani nao walichelewa: haki ya pekee ya Telkom Kenya iliisha mwaka 2004 na ile ya TTCL ya Tanzania mwaka 2005.

Isitoshe, sisi tuna mpaka. Kutoka kwetu naiona Bukavu, lakini kumpigia shangazi aliye huko ni simu ya nchi za nje, 250 huku na 243 kule. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kamembe hubeba laini mbili, na WhatsApp haikuhitaji kutushawishi sana.

Ila WhatsApp ilimshinda bibi. Vidole vyake vimekakamaa, kioo hakivisikii. Alitaka kitu kinacholia, akakiinua, akaongea na wanawe.

Mama akakumbuka simu ya babu. Babu alikuwa karani, na ofisi yake ilipobadilisha vifaa aliruhusiwa kuchukua simu moja nyeusi ya kuzungusha namba. Miaka yote ilikaa kabatini bila waya, kama sahani za wageni. Mjomba alicheka kwenye video, lakini tukaichomeka kwenye adapta. Ikalia. Bibi alishtuka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Tatizo likaja tulipojaribu kupiga. Kila namba inayozungushwa hukatakata mkondo wa umeme kwa idadi yake, nasi adapta yetu huelewa milio ya vitufe tu. Simu ya babu ingeweza kupokea, isiweze kupiga. Tena, zamani kituo cha simu kilipitisha umeme wa volti kama 48 kwenye waya wenyewe, kwa hiyo umeme wa nyumbani ukikatika simu iliendelea kufanya kazi. Yetu huzima pamoja na ruta. Udhaifu huu wa pili simu ya intaneti inao pia, jambo ambalo mjomba hakupenda kulisikia. Kuhusu sauti, hata hivyo, alikuwa na haki: ile yake ilisikika safi zaidi.

Tukabishana jioni nzima. Mwishowe mama akamuuliza mwenyewe.

"Mimi nimpigie nani?" bibi akasema. "Wao ndio walioondoka. Wanipigie."

Simu ya intaneti tumeirudisha kwenye boksi lake. Jumapili jioni, kama umeme upo, simu ya babu hulia, na bibi huiacha ilie mara tatu kabla ya kuiinua.