Staringi Hafi: Kingsman ya Pili Ilivyohukumiwa Meru na Embu

Kingsman: The Golden Circle ilipotoka Septemba 2017, wakosoaji wengi wa Uingereza na Marekani walilalamika kwamba ni ndefu mno. Dakika 141, vifaa vingi, hadithi kidogo. Huku kwetu upande wa mashariki wa Mlima Kenya, dakika 141 si tatizo. Ukilipa pesa yako unataka muvi ikukalie. Kesi kubwa ilikuwa moja: Harry Hart amerudije?

Tulimwona pati ya kwanza akipigwa risasi ya kichwa nje ya kanisa kule Kentucky. Hakuna aliyesimulia, tuliona wenyewe. Halafu pati ya pili inakuja na jamaa yuko hai, jicho moja limezibwa, kumbukumbu zimepotea na kichwani mwake kuna vipepeo tu. Tunaambiwa kuna jeli fulani iliyomwokoa. Nusu ya watu walishangilia. Nusu nyingine ilitaka irudishiwe pesa.

Kwetu ni Meru, lakini mwaka huo nilikuwa nasoma Embu, kwa hivyo nilisikia kesi hii ikisikizwa miji yote miwili. Ilikuwa wakati wa ajabu. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais Septemba 1, na nchi nzima ilikuwa ikingoja marudio ya Oktoba 26. Watu walikuwa wamechoka kubishana juu ya fomu na seva, basi wakapata nafuu ya kubishana juu ya jicho la Harry. Tangu hapo nimekuwa nikikusanya maoni hayo, kwa sababu naamini ni historia. Kilichonifanya niamini hivyo ni kuku.

Hadithi ya kuku ilisimuliwa na Mwingereza aitwaye John Wilson, na Marshall McLuhan akaieneza katika kitabu chake cha 1962, The Gutenberg Galaxy. Afisa wa afya alipeleka filamu katika kijiji kimoja cha Afrika. Ilikuwa filamu ya polepole kuhusu usafi: mwaga maji yaliyotuama, okota mikebe, weka kila kitu mahali pake. Ilipoisha wanakijiji wakaulizwa wameona nini. Wakajibu, tumeona kuku. Wenyewe waliotengeneza filamu hawakujua kama kuna kuku. Wakarudi kuipitia picha kwa picha, na kweli, kwenye kona, kuku alikuwa amepita kwa sekunde moja hivi.

Hadithi hiyo imerudiwa miaka mingi kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema. Mimi naisoma tofauti. Mtu ameona kitu ambacho mpiga picha mwenyewe hakukiona, halafu yeye ndiye anaambiwa hana macho?

Mawazo ya aina hiyo yalikuwa na ofisi na bajeti. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori, Kenya ikiwemo, huku wakiandika jinsi watazamaji walivyopokea kila filamu. Kwa hivyo maoni ya watazamaji wetu yalianza kukusanywa kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, akaweka kanuni: picha za Waafrika ziende polepole, zisiruke kutoka mahali hadi mahali, zisiwe na mbinu za kamera. Akili zetu, walidhani, hazingefuata.

Hebu fikiria Sellers akikaa kwenye vidio moja ya Makutano, Meru, saa tisa mchana. Chumba cha mabati, mabenchi ya mbao, mapazia mazito, bei imeandikwa kwa chaki mlangoni. Muvi inarukaruka kutoka London hadi Kentucky hadi msitu wa Kambodia, magari yanapaa, mkono wa chuma unapigana peke yake, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Zaidi ya hayo, kuna sauti ya pili juu ya muvi. Kizazi chetu kililelewa na DJ Afro, anayesimulia picha kwa Kiswahili na Sheng, anawabatiza wahusika upya, anacheka adui, anaonya staringi kabla hajavamiwa. Uganda wana VJ Jingo, Tanzania walikuwa na Lufufu. Watu hawa walitufundisha kwamba muvi ikifika kwetu haijaisha kutengenezwa. Inamaliziwa na anayeitazama.

Ndiyo maana swali la Harry lilikuwa zito. Vidio zetu zina katiba, na kifungu chake cha kwanza ni: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni. Hafi. Ukimuua, basi uwe na sababu, na akifa amekufa. Pati ya kwanza ya Kingsman ilivunja kifungu hicho kwa ujasiri. Ilimuua mtu tuliyempenda, na kijana wake, Eggsy, akalazimika kukua. Watu waliheshimu jambo hilo. Pati ya pili ikaja kusema tulikuwa tunacheza. Boda mmoja wa Embu alilalamika kwamba wametufanya tulie bure. Rafiki yangu wa Nkubu akamjibu kwamba sheria ni sheria, staringi hafi, na kama hutaki kaone habari.

Nilidhani huo ni ubishi wa vijana tu, hadi nilipokuwa na wazee. Wao hawakuona ajabu kwa mtu aliyedhaniwa amekufa kurudi. Walinitajia Musa Mwariama, Field Marshal wa Meru. Serikali ya kikoloni ilimwinda msituni miaka yote ya vita na haikumpata. Mwaka 1963, uhuru ulipokuwa mlangoni, akatoka na nywele zake ndefu, na picha yake akiwa na Jomo Kenyatta ipo hadi leo. Alifariki 1989. Huyo ndiye staringi asiyekufa. Lakini wazee hao hao humtaja mwenzake, Jenerali Baimungi, aliyetoka msituni, akaona wapiganaji hawajapewa ardhi, akarudi. Aliuawa 1965, na waliomuua ni askari wa Kenya huru. Na Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, na familia yake imeishi miongo mingi ikitafuta kaburi. Watu waliokulia kwenye hadithi hizi wana haki ya kuwa wakali muvi inapochezea kifo. Wengine wanataka Harry arudi kwa sababu wao wenyewe kuna mtu waliyengoja. Wengine wanakasirika kwa sababu wa kwao hakurudi.

Jambo la pili lililonishangaza ni suti. Kingsman ni majasusi waliojificha ndani ya duka la fundi cherehani, Savile Row, London. Suti haipenyi risasi, mwavuli ni bunduki, kiatu kina kisu. Vijana walipenda sana. Baada ya pati ya kwanza niliona watu wakichambua suti za mtumba Gakoromone kama wanaojiandaa kwa kazi ya siri. Nami nilipenda. Lakini jasusi wa Uingereza aliyejulikana huku hakuvaa suti. Alivaa gunia.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Serikali iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye fungu moja la washukiwa, na kuanzia 1954 ikawahamishia watu vijijini kwa nguvu, nyumba zimebanana ndani ya uzio. Magari ya sinema ya serikali yalizunguka yakionyesha propaganda. Na kulikuwa na gakunia: mtu aliyefunikwa gunia kichwani, matundu mawili ya macho, amesimamishwa mbele ya foleni. Mnapita mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, unapelekwa kambini. Humjui ni nani. Anaweza kuwa jirani yako, anaweza kuwa shemeji. Sheng ina maneno mengi ya mtu anayechoma wenzake, lakini nimeona mzee akinyamaza kabisa neno gakunia lilipotajwa mezani.

Kwa hivyo mzee mmoja alipokaa na wajukuu wake kutazama Golden Circle kwenye simu, na akauliza hawa wa suti wanamfanyia nani kazi, lilikuwa swali la maana. Ndani ya muvi Kingsman hawana serikali. Ni matajiri waliojipa kazi ya kuokoa dunia, hawaulizwi na yeyote. Wajukuu walimwambia ni wazuri, guka, ni watu wetu. Akasema haya, na akaendelea kutazama. Alicheka sana Elton John aliporusha teke.

Kuku wetu mkubwa, lakini, alikuwa miraa.

Miraa haitajwi mahali popote katika Golden Circle. Adui wa muvi, Poppy, ni mwanamke anayeuza dawa za kulevya dunia nzima. Anatia sumu ndani ya bidhaa yake, mamilioni wanaanza kutokwa na mishipa ya buluu, kisha anadai dawa za kulevya zihalalishwe ili atoe tiba. Rais wa Marekani anakubali hadharani, lakini chini kwa chini anaamua wagonjwa wafe wote. Wanafungiwa kwenye vizimba ndani ya uwanja wa michezo, vizimba juu ya vizimba. Kwa rais huyo, mtu akishatumia tu, amejiondoa kwenye hesabu ya watu.

Huko Maua na Igembe yote, watu waliona kitu wanachokijua. Juni 2013, William Hague alisimama bungeni London akaeleza masikitiko ya serikali yake kwa mateso ya Hali ya Hatari, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Julai, mwezi uliofuata tu, Theresa May akatangaza kwamba miraa itapigwa marufuku Uingereza. Alifanya hivyo ingawa jopo la wataalamu wa serikali yake lilikuwa limeshauri Januari kwamba isipigwe marufuku. Sheria ikaanza Juni 24, 2014. Mzigo uliokuwa ukitoka Meru usiku, ukimbizwe hadi uwanja wa ndege kabla haujakauka, ukakosa London. Wenye mashamba, wachumaji, wafungaji, madereva, wote walihisi. Kuanzia siku hiyo, aliyetafuna London alikuwa mhalifu kwa jani lile lile alilotafuna jana yake kihalali.

Ndiyo maana muvi ilipofika kwenye vizimba, kelele za vidio zilinyamaza kidogo. Mkulima mmoja wa Igembe aliniambia baadaye kwamba Poppy ni muuaji, sawa, lakini huyo rais ni mtu anayemjua. Sijasoma mkosoaji yeyote wa London aliyeiona sehemu hiyo hivyo.

Embu hawakukubaliana, na lazima niseme hivyo, kwa sababu maoni ya watazamaji si kwaya. Katika Mbeere kuna muguka, jani linalosomesha watoto na wakati huo huo linalolaumiwa kwa vijana wanaoshinda wameketi. Mama mmoja wa Siakago alimtetea Whiskey, yule wa kamba ya umeme anayegeuka msaliti. Mke wake mjamzito aliuawa kwenye fujo za watumiaji wa dawa, ndiyo maana anataka wote wafe. Mama alisema huzuni ya huyo mwanamume ni ya kweli, na muvi ilimharakisha kwenye mashine ya kusaga nyama ili isijibu alichouliza. Hakutaka watu wafe. Alitaka mtu akubali kwamba kuna walioumia. Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na Mbeere kukawaka moto wa maneno, nilimkumbuka. Pande zote mbili za ubishi ule zilikuwa kwenye muvi, na yeye alikuwa ameshaziona.

Kuna kitu kimoja tu ambacho Meru na Embu walikubaliana: Merlin. Anasimama juu ya bomu la ardhini badala ya kijana wake, ananyoosha tai, halafu anaimba wimbo wa John Denver wa 1971, Take Me Home, Country Roads, ili walinzi wamkaribie. Ulaya walicheka na kulia kwa pamoja. Huku watu waliimba. Country ni muziki wa kwetu kwa muda mrefu, wa redio za Jumapili, wa basi za Nairobi, wa baa zenye nyama choma. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa wimbo wa mtu anayetaka barabara imrudishe kwao milimani. Na Merlin, tofauti na Harry, hakurudi. Hapo hakuna aliyedai pesa.

Notcutt na Latham waliandika maoni ya watazamaji ili wajue tunaweza kufundishwa nini. Baada yao, vidio zimefunguliwa na kufungwa, muvi zimehamia kwenye flashi na simu, na maneno ya watu waliozitazama yamepotea na moshi wa mahindi ya kuchoma pale nje. Ukipita Makutano au stendi ya Embu na ukute watu wanabishana kuhusu jasusi wa suti, simama. Uliza wameona nini. Wakikwambia wameona kuku, andika kuku.