Mathe Aliuziwa Thumuni ya Ekari, Akapewa Pungufu

Wasee, wiki jana dogo wetu wa gredi ya tano aliniletea homuwaki ya eneo. Mimi ndiye niliyeacha chuo, lakini kwa hii nyumba bado ndiye profesa. Nikamwambia: urefu mara upana, maliza ulale. Akaniuliza, "Kwa nini mara? Kwa nini si kujumlisha?" Nikakwama. Miaka minane ya shule ya msingi niliimba hiyo kanuni na sikuwahi kuuliza.

Kumbe swali la dogo limewaliza watu wazima tangu zamani.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba mfalme mmoja wa Misri aliwagawia raia mashamba ya mraba yaliyolingana, halafu akawatoza kodi kila mwaka. Mto Nile ukimega shamba lako, unaenda kuripoti, wapimaji wanatumwa, kodi inapunguzwa. Kwa maelezo yake, jiometri ilianzia hapo. Kwa ushuru! Hiyo mimi naamini haraka sana.

Lakini aliyenimaliza ni Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5 BK. Akieleza kitabu cha Euclid, anataja watu waliogawana ardhi na wenzao: wenzao wakapewa vipande vyenye mzingo mrefu, wao wakachukua vyenye mzingo mfupi lakini eneo kubwa. Na bado wakasifiwa kuwa waungwana.

Piga hesabu. Kipande cha hatua 20 kwa 20 ukikizunguka ni hatua 80. Cha 40 kwa 5 ni hatua 90. Ukipima kwa kutembea, cha pili ndicho kikubwa. Lakini kijaze miraba ya hatua moja moja: cha kwanza kinameza 400, cha pili 200 tu. Umeibiwa nusu, na umeshasema asante.

Hapo ndipo nilipomjibu dogo. Tulikata karatasi miraba midogo, tukaipanga juu ya kitabu chake. Safu moja ina sita, safu ziko nane, basi ni sita mara nane. Hakuna uchawi. Alielewa kwa dakika kumi kitu nilichokariri kwa kiboko. Nashangaa kwa nini mwalimu wangu hakutumia hata mkasi.

Halafu tukachukua vijiti vinne, tukavifunga kwa uzi pembeni viwe mraba. Ukisukuma juu, mraba unalala upande. Vijiti havijabadilika urefu, mzingo ni ule ule, lakini ndani panazidi kubana hadi panaisha. Maandishi ya mashamba kwenye hekalu la Edfu, huko Misri, yanaonyesha makarani wakipima shamba la pande nne hivi: wastani wa pande mbili zinazotazamana, mara wastani wa zile nyingine mbili. Shamba likiwa limelala, jibu linazidi ukweli. Makarani wa hekalu hao, si watu wa mtaani.

Sasa nije nyumbani. Mathe alinunua ploti kwa pesa za chama, miaka na miaka ya kuweka kidogo kidogo. Muuzaji alimwambia ni thumuni ya ekari, "fifti kwa handred." Sote tunaongea hivyo. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, kwa hivyo thumuni ni 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Zimepotea 445, yaani vyumba vinne vya futi kumi kwa kumi, na baki. Kuna familia hapa mtaani zinaishi kwa kimoja.

Nilipomwonyesha mathe alinyamaza, akaniambia nisimwambie mtu wa chama bado.

Jumamosi nilienda huko na dogo na kamba. Ploti ikiwa imenyooka, kamba ya kona kwa kona lazima ilingane na ya kona zile nyingine. Tulipima ya kwanza, tukafunga fundo. Tukahamia ya pili. Fundo lilipita bikoni kwa karibu hatua moja, na dogo akaanza kulia kabla yangu: "Imelala, si ndio?"

Mathe ameshaita mpima ardhi mwenye leseni. Anakuja Alhamisi.