Mabwe ya Kundelungu: historia iliyotangulia bankambo

Tukizungumza historia ya inchi yetu ya Katanga, tunazoea kuanza na wafalme wa Luba na Lunda, ao na Mwenda Msiri wa Bunkeya. Ni vizuri. Lakini iko historia ingine, ya zamani kupita hiyo yote. Inasomwa katika kuta za mabwe pale mto Lofoi unapoanguka toka juu ya Kundelungu, karibu mita 340 kwa mara moja.

Kule juu kuko mabwe ya mchanga, mekundu-mekundu, yamelala tabaka juu ya tabaka kama matofali ya nyumba. Mchanga ule ulitoka katika milima ya zamani iliyomomonyoka. Maji yakaubeba, ukajilundika, ukashikamana. Chuma ndicho kinaupa rangi. Wataalamu walipima vipande vidogo vya mika vilivyomo katika mabwe ya tabaka la Biano, wakakuta umri wa miaka milioni 573. Maana yake nini? Mika ilizaliwa kwanza katika ile milima, mchanga ukafuata nyuma. Basi tabaka haliwezi kupita umri huo.

Sehemu kubwa ya shaba ya Likasi na Kolwezi iko katika mabwe ya Roan, ya chini na ya zamani zaidi, yaliyokunjwa na nguvu za dunia. Juu ya Kundelungu tabaka zimebaki karibu sawasawa, kama mkeka. Mwenye kutafuta shaba anazipita tu.

Mwaka 1891 Paul Le Marinel alifungua posti ya Dola Huru ya Kongo kule Lofoi. Tarehe 20 Desemba mwaka uleule, Msiri akauawa. Mwaka 1892 Jules Cornet, mtaalamu wa mabwe katika msafara wa Bia na Francqui, akazunguka Katanga, na Kundelungu likawa jina katika vitabu vya jiolojia. Jina ni la kwetu, lakini waliloliandika ni wageni.

Tangu 1970 kuko mbuga ya taifa ya Kundelungu. Mbuga inaweza kulinda nyama na miti. Majina ya magenge na vijito yanalindwa na kinywa cha wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Tunaomba basi walimu wetu: wapelekeni watoto wakaulize majina hayo, wayaandike, na papo hapo wafundishwe umri wa mabwe. Yule anayejua mambo hayo mawili, inchi yake haitamupotea.